Papa anataka nicheze siku aliyomwacha mama yake

Mama Valérie mpendwa, nakuomba wazo kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi ujao, maana nyumbani kwetu kuna furaha ambayo hatukuwa nayo zamani na mimi naogopa kuivunja.

Naitwa Prodige, nina miaka ishirini, naishi Katindo na wazazi wangu, ni mwigizaji katika kikundi kinachofanya mazoezi kwenye ukumbi wa parokia, na mwaka huu tunacheza habari ya familia inayokimbia vita, mimi nikapewa kumcheza muzee anayekimbia na mtoto mgonjwa, na kiongozi wetu Marie-Claire, aliyesomea kazi hii Kinshasa, hataki mtu aigize kwa mdomo tu, anasema uishi kama yule unayemcheza, ujue anavyochoka na anachoogopa, hata siku ya kuonyesha usitafute machozi, yaje yenyewe. Basi nikabeba godoro kichwani kutoka Kibumba, kaskazini, mpaka mjini nione uchovu wa mkimbizi, na njiani watu wakawa wananiuliza, “Vita imefika wapi?”, mama mmoja akaanza hata kukunja vitenge vyake vya kuuza, nikamwambia, “Hapana mama, ni teatre tu,” akanitukana.

Halafu nikaona kwamba muzee ninayemtafuta niko naye nyumbani. Papa yangu, Wenceslas, alikuwa anauza maharagwe Kalengera mpaka mwisho wa mwaka 2008 tulipokimbia, mimi nina miaka saba na malaria kali, na tangu hapo hajawahi kusimulia ile safari. Nikaanza kumwiba, samahani kwa neno hilo, nikachukua bega lake lililoinama, koti lake la kahawia, na jinsi anavyotuita sote kwa majina kabla hatujatoka mlangoni. “Unanitazamaka sana siku hizi, kuko nini?” akaniuliza. Nikamjibu, “Hakuna, papa.”

Tulipoonyesha mara ya kwanza alikuja bila kuniambia, nikamwona kwenye benchi la tatu nikiwa tayari jukwaani ndani ya koti lake, nikacheza hivyo hivyo, na tulipomaliza akaja nyuma ya pazia.

“Ule muzee, njo mie?”

“Ndiyo, papa.”

Alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. “Ulinikamata vizuri! Lakini mutoto mugonjwa habebwi vile. Anabebwa ku mugongo, kichwa inalala huku.” Akachukua mto, akamwonyesha Marie-Claire. Tangu siku hiyo haachi mazoezi hata moja, ana kiti chake, anatusahihisha sote mpaka anayecheza askari, nyumbani anapiga mluzi akinyoa ndevu, na mama yangu, Kasoki, anasema amerudishiwa mwanaume aliyemwoa.

Sasa Alhamisi tulikuwa tunarudi kwa miguu, papa akaniambia, “Kuko kipande hamujaweka. Kile cha mama yangu.” Mama Valérie, sisi sote tunajua kwamba bibi Kaswera, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, alikataa kuhama, alisema aachwe nyumbani kwake, na papa aliporudi baada ya siku tisa alimkuta amekufa. Ndivyo papa alivyomwambia dada yake, tantine Katungu wa Majengo, na tantine anasimulia hivyo kila mwaka kwenye misa ya bibi. Papa akasimama barabarani. “Hakukatala. Aliniomba nimubebe. Nilikuwa na mugongo moja, nikakubeba weye.” Kisha akasema, “Uicheze. Katungu atakuwa pale, nimemuita.”

Marie-Claire anafurahi, anasema hakuna mwigizaji anayepewa zawadi kama hiyo. Mimi nikikataa naogopa papa atafunga mdomo tena, nikikubali, Jumapili hiyo tutakapoonyesha tena tantine atasikia habari ya mama yake katikati ya watu mia tatu, na anayemwambia atakuwa mimi, niliyebebwa. Nifanye nini?

Prodige, Katindo

*

Prodige,

Nianze na godoro lako. Hapa mtu akionekana na godoro kichwani akitoka kaskazini, watu hawaoni teatre. Yule mama alikutukana kidogo kuliko ulivyostahili. Ukitaka kujua uchovu, nenda ukabebe mchanga kwa mwashi.

Na papa yako, ungemwomba kabla ya kuchukua mwendo wake. Una bahati kwamba alicheka. Nimefurahi naye, kwa kweli, huo mluzi wa asubuhi umenifurahisha hata mimi nisiyemjua.

Lakini anachotaka sasa si teatre. Ana neno la kumwambia dada yake, limemshinda miaka yote, na amegundua kwamba mdomo wako ni mwepesi kuliko wake. Usimwazime. Jumamosi hii mpeleke Majengo, na mama Kasoki awepo. Aseme mwenyewe, kwa Kinande, kwa Kiswahili, vyovyote vitakavyotoka. Akikwama, usimsaidie maneno. Tantine akilia, mwacheni alie. Akiwafukuza, ondokeni kwa heshima, mrudi wiki inayofuata.

Kipande hicho ni cha Katungu pia. Akisema kisichezwe, hakichezwi, na Marie-Claire atafute zawadi nyingine. Hakuna kipaji kinachokupa ruhusa ya kumliza tantine yako mbele ya watu siku msiba wake unapoanza upya. Akikubali, basi cheza, lakini yeye ndiye achague kama atakaa ukumbini au la.

Wasiwasi wako kwamba wewe ndiye uliyebebwa, uondoe. Ulikuwa mtoto wa miaka saba mwenye homa, hukuchagua kitu. Papa yako ndiye aliyechagua, na amekuwa akihesabu aliyemwacha tu. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia aksanti kwa kukubeba. Sikupaona. Mwambie leo, kabla hajavaa viatu vya kwenda mazoezini.