Sahani za Jumapili ya Watoto

Jumamosi, 2 Septemba

Zamu yangu ya kupalilia magimbi. Jembe likagonga kitu cheupe – sahani ya karamu ya Pasaka! Nzima. Nikachimbua nyingine, na nyingine. Kumi na moja. Paketi ilisema: "Huoza yenyewe. Rafiki wa bahari." Ndiyo maana Mama, mwenyekiti wa kamati ya wanawake, aliwaambia watu wazitupe mashambani, kama tulivyotupa zile za kusuka kwa makuti. Za makuti zingekwisha kuwa mbolea.

Jumatano, 6 Septemba

Mwalimu Tavita kasema nisianze na kelele. Nisome, nipige picha, nitunze paketi, niiombe kampuni inayozitengeneza ushahidi. Nikaenda dukani kwa Shangazi Sulufau, anayeuza hizo sahani. Chini ya paketi, maandishi madogo kama mayai ya chawa: huoza katika mtambo maalumu wa joto tu. Samoa yote mtambo huo sijausikia. Shangazi akauliza nimekuja kununua au kukagua duka. Nikanunua biskuti.

Keshaagiza maboksi sita kwa Jumapili ya Watoto, karamu ya kanisa mwezi ujao.

Jumatatu, 18 Septemba

Kampuni imejibu. Niliomba ushahidi, wameleta picha ya kasa na shukrani kwa kuipenda bahari. Nakala nilipeleka wizara ya biashara. Kimya.

Mama hajui. Nikisema, aibu ni yake. Nikinyamaza, maboksi sita shambani.

Alhamisi, 28 Septemba

Jana nilimwambia Mama. Aliigeuzageuza sahani, akaitia kapuni. Leo kaileta kikaoni. Akanitaka nisome yale maandishi madogo mbele ya kina mama wote. Shangazi akasema kumbe siku hizi kamati inaongozwa na watoto wa shule. Wengine wakacheka.

"Huyu amesoma, wifi," Mama akasema. "Mimi sikusoma. Nikawaambia watu watupe takataka kwenye chakula chao."

Nikaambiwa nisubiri nje. Nimekaa ngazini, naandikia gotini. Mmoja anasema watoto ni wengi, nani atawasukia sahani wote? Mwingine anajibu kwamba tukianza leo tutafika. Na maboksi je, hasara ya nani?

Sasa Shangazi katoka. Hanitazami. Ananyoosha mkono, anataka kalamu. Na anwani ya ile kampuni, wayachukue maboksi yao. Kalamu ninayo hii moja tu –