Nimeshinda Jakipoti na Ninakwenda Kazini kwa Kujificha

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili kwangu kuna kikao cha familia cha kuzungumzia ugonjwa wangu, na mimi siumwi.

Nina miaka hamsini na mbili, nina mume na watoto wawili ambao wameshajitegemea, na kwa miaka ishirini na sita nilikuwa dobi wa hospitali, kule nyuma kwenye mashine kubwa, mashuka, foronya, magauni ya wagonjwa, vitambaa vya chumba cha upasuaji, vyote vilipita mikononi mwangu, na kila Ijumaa nilikuwa nanunua tiketi moja ya bahati nasibu na kujaza namba za wodi zilizogongwa muhuri kwenye mashuka ya siku hiyo, wenzangu wananicheka, mpaka Ijumaa moja mwaka juzi wodi ya wazazi, ya mifupa, ya watoto na nyinginezo zikajipanga zilivyojipanga na nikashinda jakipoti, ile kubwa yenyewe, nikapigwa picha nimeshika hundi ndefu kuliko mimi.

Watu husema hela ya bahati nasibu huja na upepo ikaondoka na upepo. Yetu haikuondoka. Mume wangu alikuwa fundi rangi, mtu wa taratibu, hapaki rangi ya pili kabla ya kwanza haijakauka. Tulikwenda benki tukaeleweshwa, tukanunua nyumba, mama mkwe akatibiwa macho, wapwa zangu wakarudi shule, na ndugu waliokuja na shida za kweli tuliwasaidia, waliokuja na shida za kutunga tukawapa chai.

Basi, tulipofanya karamu ya kushukuru, mume wangu akasimama mbele ya watu, akaninyanyua mikono yote miwili, akasema, "Mikono hii imefua vya kutosha. Kuanzia leo haitagusa tena nguo ya mtu." Watu wakapiga makofi, mama yangu akapiga vigelegele, na mimi nikatabasamu huku moyo unashuka.

Mshauri, sijui nikuelezeje usinione sina shukrani. Nyumba yetu ni nzuri. Ina dada wa kazi anayefagia kabla sijaona vumbi, ina mashine ya kufulia inayojizima yenyewe, na majirani wetu wanaishi nyuma ya kuta ndefu, ukimsalimia mtu anafunga kioo cha gari. Mume wangu yeye amepata la kufanya, anapanda maua kwenye makopo na anaimba siku nzima. Mimi nilikuwa nakaa sebuleni nimevaa vizuri kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani.

Miezi mitano iliyopita nilimpeleka mama mkwe hospitali kuangaliwa macho, nikasikia ule mvuke na ile dawa ya kuua viini, miguu ikanipeleka yenyewe hadi kule nyuma, nikakuta mashuka yamerundikana mpaka dirishani na wenzangu ni wawili tu, na mmoja wao bila hata kushangaa akaniambia, "Tajiri, shika upande wako." Nikavua hereni nikashika. Tulikunja mpaka mama mkwe akaja kunitafuta, nikamwambia nilikuwa nawasalimia tu wenzangu, na siku hiyo nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Tangu hapo nakwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Msimamizi ananipa nafasi ya kibarua, kama wale wanaochaguliwa asubuhi pale getini, na posho namwachia mwenzangu mwenye mtoto mchanga. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Unakwenda wapi siku hizi?" Nikasema, "Hospitali." Akauliza, "Kufanya nini?" Nikasema, "Kliniki." Neno moja, mshauri, nikadhani limepita.

Halikupita. Narudi nimechoka, nanuka dawa, vidole vimebabuka, nalala mapema, na yeye anaunganisha. Ameacha kuimba. Ananipikia uji. Wiki tatu zilizopita niliingia bafuni nikakuta amefunga vishikio vya chuma ukutani, pembeni ya choo na pembeni ya bomba, kavipima kwa urefu wa mkono wangu na kuvipaka rangi nyeupe ili visinitie unyonge, akaniambia tu, "Sakafu inateleza." Nikaoga nimevishika. Na juzi dalali amekuja na mteja kupima vyumba, mume wangu anataka kuuza nyumba anipeleke nje kutibiwa kabla mambo hayajaharibika, maana hela nyingine imefungwa benki, na ameshawaita kaka yangu na mawifi zangu waje Jumapili awaambie.

Nikisema ukweli namuaibisha mara mbili, kwanza kwa kumlaghai, pili kwa kuivunja ahadi aliyoitoa mbele ya watu. Nimefikiria kusema nimepona ghafla. Nimefikiria kuacha kazi kimyakimya. Nifanye nini?

Ni mimi, Mgonjwa Mzima. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, safu hii hutoka Jumanne na barua yako ilinifikia Alhamisi. Ningengoja gazeti, nyumba ingekuwa imeshauzwa. Ndiyo maana nilikupigia simu Ijumaa asubuhi, na niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa sababu hauko peke yako. Tangu nianze kazi hii nimeandikiwa na washindi kadhaa, na walionililia kwa kufilisika ni wachache kuliko walionililia kwa kukosa pa kwenda asubuhi.

Kwanza, huna kosa kuitaka kazi yako. Miaka ishirini na sita si vazi la kuvuliwa kwenye karamu. Mumeo alitoa ahadi nzuri kwa mapenzi, kwa sababu amekuona miaka yote ukirudi na vidole vilivyopasuka, lakini ahadi ilikuwa yake na mikono ni yako. Ulipaswa kumwambia hivyo wiki ileile, mkiwa wawili, badala ya kutabasamu.

Hapo huruma yangu inakoma. Umemwona mwanaume mzima anapima ukuta kwa urefu wa mkono wako, ukanyamaza wiki tatu? Unaogopa aibu yake, na wakati huohuo unamwacha akuzike taratibu kila siku ukiwa hai. Ya kupona ghafla usiyaseme hata kwa utani. Ukipona leo, ukikohoa mwakani atauza na viatu vyake.

Na kuna mtu mwingine hukumtaja kama umemkosea. Pale getini asubuhi wanasimama wanawake wanaosubiri kuchaguliwa. Ukiingia wewe, mmoja anarudi nyumbani. Kumwachia mwenzako posho ni wema, lakini yule aliyegeuzwa getini hajala huo wema. Nafasi ile irudishe.

Nilikuambia umalize leoleo, kabla ya chakula, dada wa kazi akiwa ametoka. Usianze na historia ya mashuka. Anza na maneno mawili, "Mimi siumwi," halafu unyamaze yeye aseme. Akikasirika, usijitetee. Kisha mpigie dalali mwenyewe, maana nyumba ilipata mteja kwa sababu yako.

Ulinijibu, "Nitajaribu." Nikakuambia kujaribu ni kwa kuonja chumvi.

Jioni yake ulinipigia. Ulisema ulimkuta anamwagilia makopo yake, ukamwambia, na maji yakaendelea kumwagika kwenye kopo moja mpaka udongo ukatoka.

"Huumwi," akasema.

"Siumwi."

"Hata kidogo?"

"Mgongo tu. Mashuka yakilowa ni mazito."

Ukamweleza yote. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda na kufunika uso kwa mikono, na hukujua analia au anacheka, na uliponiuliza mimi nilikuambia huenda ni vyote. Kisha akakununia. Siku mbili mkala meza moja bila neno. Jumapili alfajiri ulinipigia tena, ukaniuliza kama umeharibu ndoa. Nikakuambia mtu anayenuna akiwa mezani kwako bado yuko kwako.

Jumapili wageni walikuja, kwa sababu hakumkataza hata mmoja. Uliniambia ulikaa karibu na mlango ukiwa tayari kuaibishwa, ukiona ni haki yako. Mumeo akasimama mbele ya kaka yako na dada zake, akasema, "Niliwaita niwaambie mke wangu anaumwa. Nilikosea. Anafanya kazi."

Kaka yako akauliza, "Kazi gani tena, na hela zote hizi?"

"Anafua. Kulekule hospitali." Akawageukia dada zake. "Mimi ndiye niliyesema mbele yenu hatafua tena. Sikumuuliza. Leo nasema mbele yenu nilipaswa kumuuliza."

Wifi yako mkubwa akacheka, akasema yeye alishangaa mgonjwa gani anaongezeka mashavu. Mkala, wakaondoka. Ndipo mumeo alipokuangalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa na kukuuliza hiyo mashine kubwa ya kupiga pasi inauzwa wapi.

Sasa sikiliza, maana ukifurahi sana utaharibu. Wazo mlilolipata usiku huo la kufungua dobi lenu, kukodi jengo na kufua mashuka ya zahanati na nyumba za wageni ni zuri, na wa kwanza kuajiriwa wawe wale wa getini, kwa mkataba wa maandishi na mshahara wa mwezi. Anzeni na mashine mbili. Hela iliyofungwa benki ibaki imefungwa. Wewe uwe kazini siku tatu kama ulivyozoea, kwa sababu mwenye duka anayeshinda humo siku sita atakuwa amehamia nyumba nyingine bila kuaga.

Na mumeo bado ana kidonda. Amekuombolezea miezi mitano, hawezi kufuta hayo kwa Jumapili moja. Atakuuliza tena maswali uliyokwisha kumjibu, hata mwakani, hata mkiwa mnacheka. Mjibu kila mara, taratibu, kama vile ndiyo kwanza ameuliza. Kesho akitoka kwenda kuangalia jengo, usimwache aende peke yake. Vaa viatu mwende wote.