Video ya Baba Kasyoka

Jumanne, Mwingi

Aibu niliyo nayo leo, hata chakula hakikushuka.

Wiki iliyopita Mama Kasyoka alileta kompyuta yake kutoka Tseikuru hadi dukani kwangu, ninakotengeneza kompyuta. Video ya marehemu mumewe ilikuwa imekataa kucheza. Niliiangalia dakika tano tu, nikamwambia imeharibika kabisa. Alilia palepale dukani.

Leo amerudi. "Jaribu tena, mwanangu. Watoto wameniuliza wiki nzima sauti ya baba yao imeenda wapi."

Nikafungua, safari hii bila haraka. Video haikuwa na shida yoyote. Programu ya kuchezea ndiyo ilikuwa inakwama tangu ilipojisasisha, kwa sababu faili moja ya mfumo ilikuwa toleo la zamani. Na aliyeiweka humo ni mimi, mwaka jana aliponiletea kompyuta hii kuitengeneza; niliitoa faili hiyo kwa kompyuta nyingine nikitaka kumaliza kazi upesi.

Nikarudisha faili inayofaa. Mzee akatokea, akacheka, akaita watoto mmoja mmoja. Mama akagusa kioo.

Kisha akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki. Wewe ni fundi wa kweli."

Nilitaka kumwambia. Nikasema, "Asante, mama."