Picha ya Watatu

Mwanangu Thắm,

Huku Nam Định bata wameanza kutaga. Zile kamera za kuchezea ulizowatumia wanao kutoka Taiwan, wanazo shingoni hata wakila wali.

Jana mtoto wa jirani aliwapanga wote watatu eti awapige picha. Wakubwa wakasukumana: "Katikati sikai! Picha ya watatu, wa katikati hufa!"

Mdogo wao Nhài akajipenyeza. "Acheni kelele. Nakaa mimi. Mgonjwa si mimi?"

Nilikuandikia ni mafua. Nilikudanganya, mwanangu. Ni saratani ya damu, na daktari hanitazami tena usoni.

Rudi, nakuomba, hata kama mkataba wako wa kazi haujaisha. Ukisimama nao mtakuwa wanne, na katikati hapatakuwa na mtu.

Mimi mama yako,
Hòe