Sisi Watu wa Dakota

Jumatatu, 6 Oktoba
Fargo, wiki ya pili. Paa la ghala. Nimebeba mafungu arobaini ya vigae kabla ya chai, Shemeji Wilondja ishirini na nane. Anasema mimi nabeba kwa mdomo. Wivu.
Bosi ni wa Blaine. Alituajiri Septemba, tukamwezekea nyumba tatu huko kwao Minnesota, halafu akatuvusha mpaka wa jimbo hadi huku Dakota. Tunalala moteli, Ijumaa tunarudi nyumbani Saint Paul. Dada yangu Neema ndiye mke wa Shemeji. Mimi nalala sebuleni kwao, mtaa wa Frogtown. Sebule bila mimi ingekuwa stoo.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimerusha mtandaoni video yangu nikiwa juu ya paa. Kifua wazi, upepo wa Dakota hauna adabu, mimi ninayo. Nimesema: "Minnesota kwaheri. Sisi sasa ni watu wa Dakota, tumehama jumla." Kabla sijala, watu mia mbili wameipenda. Wasichana wa kwaya wamo.
Shemeji: "Umehama na nini, Elia? Hata dawa ya meno ni yangu."
Kesho narusha nyingine.

Jumatano, 8 Oktoba
Shemeji ameanguka. Nyonga na mguu. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 11 Oktoba
Amehamishiwa hospitali ya huku Saint Paul. Dada ameniuliza mara moja tu: "Uliishika ngazi?" Nikasema ngazi iliteleza. Kweli iliteleza.
Viatu vyake vya kazi nimeviweka mlangoni. Navielekeza nje, nikirudi vimeelekea ndani, kama mtu aliyeingia sasa hivi. Kumbe ni mtoto wao. Nikimuuliza, ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba baba anarudi ndani, haendi kazini, asipate shida ya kuvigeuza.

Alhamisi, 16 Oktoba
Kazini Blaine. Ngazi ya alumini ikiburuzwa kwenye zege inatoa mlio. Huo mlio niliusikia Fargo, halafu kukawa kimya, halafu kishindo. Leo nimesikia na sauti: "Elia, shika." Nimegeuka. Hakuna mtu. Mzungu anayepiga misumari ananitazama.
Mimi si mwoga. Kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma tulijenga karibu na makaburi, nikalala usingizi wa pono. Lakini wale wafu hawakujua jina langu.

Jumanne, 21 Oktoba
Barua. Bima ya bosi imekataa kulipia matibabu. Eti tuliajiriwa kwa kazi ya Dakota, tulihamia Dakota, na shemeji wa mgonjwa ametangaza mwenyewe mbele ya watu. Huyo ni mimi. Wameitazama video yangu. Dakota nao wanasema bosi hakuwahi kujiandikisha kwenye mfuko wao wa fidia, nendeni kwenu. Bosi anasema hajui.
Daktari anataka kumpasua nyonga kabla mfupa haujaunga vibaya. Kila upande unasubiri mwingine useme ndiyo. Mfupa hausubiri.
Tumekwenda kwa wakili, mama wa Kitanzania, ofisi yake iko University Avenue. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Kasema hivi: kama kazi yako ni ya hapa, na umetumwa jimbo jingine kwa muda, bima ya hapa inakufuata. Sasa tuonyeshe ilikuwa kwa muda. "Nani alisikia bosi akisema mngerudi?"
Shemeji alikuwa kwenye simu kutoka kitandani. Akanyamaza. Mimi pia.

Jumatano, 22 Oktoba
Nimekaa kwenye duka kubwa la Roseville, katikati ya watu, ili nisiwe peke yangu nayo. Video ya pili. Ile ya Jumatano aliyoanguka. Sijaionyesha mtu.
Mimi niko chini ya ngazi, nimeinua simu. Namwambia Shemeji aseme sisi watu wa Dakota. Anacheka kule juu. "Watu wa Dakota wapi, na Jumatatu tuna paa la Blaine?" Anamwita bosi amuulize. Sauti ya bosi, wazi kabisa: Jumatatu Blaine, saa moja, msichelewe. Shemeji anageuka ashuke. "Elia, shika."
Mikono yangu yote miwili iko kwenye simu. Inaonekana. Kivuli changu kiko ukutani, kimeshika simu. Ngazi haijashikwa na mtu.
Nimegusa alama ya kufuta mara tatu. Simu inauliza una hakika. Nina darasa la sita, mashine hii inaniuliza maswali ya mchungaji.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nimempa wakili simu. Aliitazama mara mbili. Akasema bima hii haiulizi kosa la nani, inauliza mlikuwa wafanyakazi wa wapi, na bosi amejibu mwenyewe.
Dada alikuwa amesimama nyuma yake. Aliitazama mpaka kwenye kivuli changu. Akajifunga kitenge vizuri, akatoka, akapanda basi peke yake.
Bora angenizaba kofi.

Jumatatu, 3 Novemba
Bima imekubali. Wamempasua leo asubuhi, imekwenda salama.
Dada hasemi nami. Sahani yangu naikuta imefunikwa mezani, nyama ipo. Nimefuta ile video ya watu wa Dakota. Haijasaidia. Nikiwa naoga nasikia ngazi.

Jumapili, 9 Novemba
Nimemwambia Shemeji mwenyewe kwamba sikuishika ngazi, nimeinamisha kichwa. Akasema: "Nilikuona toka juu. Nilijua ungeiweka chini ile simu."
Ndiyo maana alinyamaza siku ile ya wakili. Alikuwa ananisubiri mimi niseme.

Ijumaa, 14 Novemba
Theluji nyepesi. Shemeji amerudi nyumbani. Kutoka mlango wa nje mpaka kwetu ni ngazi kumi na nne, nyembamba. Dada alitangulia na mtoto. Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Simu nilikuwa nimeiacha garini.
Nilikaa nyuma ya Shemeji, kiganja kimoja mgongoni, kingine kwenye mkanda. Alipanda moja, akapumua. Ya pili, akapumua. Hakusema shika.
Viatu vilikuwa mlangoni, vimeelekea ndani.