Kasuku Amemkubali Shemeji

Mohoro, Jumatano, Mfunguo Tisa

Ndege yule ametuokoa leo, na bado nimemkasirikia.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifika siku kumi na moja zilizopita, akikimbia vita huko Umatumbi. Kila atokaye huko hudhaniwa amekunywa maji ya dawa ya vita, na kwa dhana hiyo watu wananyongwa. Basi niliwaambia askari kwamba anakaa kwangu tangu Ramadhani.

Leo asubuhi askari mmoja alikuja kuhakikisha. Mji mzima unajua kasuku wangu huwapigia kelele wageni na kuwanyamazia watu wa nyumbani.

"Mimi ananitukana kila nikipita," alisema. "Hebu shemeji yako amsogelee tuone."

Shemeji alisogea. Kasuku akapiga mluzi, akainamisha kichwa akunwe.

"Haya, huyu wa nyumbani," askari akasema akicheka.

Hakujua kwamba tangu shemeji alipofika karanga zote za ndege zinatoka mkononi mwake. Siku sita za kwanza zilikuwa kelele tupu. Mimi nimemlisha miaka minane, mluzi sijapigiwa hata mmoja.

Askari akaandika watu wanne wa nyumba hii, shemeji akiwa mmoja wao. Nikamwambia hatuna wengine.

Sasa habari imekuja kwamba dada yangu na wanawe wawili wamo njiani, watafika kesho. Askari atapita tena Ijumaa. Nitawaficha chumbani, lakini kasuku akiwapigia kelele, watajulikana. Nikimficha ndege, ataniuliza yuko wapi.

Wakifika, kabla hawajanawa wala kula, watamlisha kasuku.