Neno Alilolitaka Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Napiga pasi joho la kwaya, simu kutoka Goweko. Shemeji Lukasi anaumwa mapafu. Anataka nikamsomee Zaburi ya ishirini na tatu, tena kwa Kiebrania. Kasikia redioni kwamba kwa lugha ile inaponya. Anadhani Kiebrania ni hirizi. Mpumbavu.

Jumanne, 4 Juni

Huyu ndiye aliyemrudisha dada yangu Monika hapa Isevya akiwa mgonjwa, juu ya lori la tumbaku, kama mzigo uliokataliwa sokoni. Alifia mikononi mwangu. Mazishini mumewe hakuja. Mwaka haukuisha, akaoa.

Siendi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefungua vitabu vyangu vya chuo cha Biblia. Mstari wa mwisho wa zaburi ile. Sisi tunasema fadhili zitamfuata mtu, kama mbuzi nyuma ya mwenyewe. Kiebrania kinasema radaf. Kufukuza. Ndicho kitenzi cha Farao akiwakimbiza watumwa waliomtoroka.

Nimecheka peke yangu. Nitaenda. Nitamsomea, kisha nitamweleza.

Jumamosi, 8 Juni

Goweko. Amebaki mifupa na kiburi. Mkewe alipiga goti, shikamoo dada. Niliitikia kwa shida. Akachinja kuku. Nikala, njaa haina heshima.

Nikasoma. Shemeji alifumba macho kama anayemeza dawa. Nilipomaliza akauliza lile neno nililolikazia mwishoni, yirdefuni, maana yake nini. Nikamwambia mbele ya mkewe: si kufuata, ni kufukuza, kama adui anavyomfukuza mtu hadi amkamate. Nilitaka aogope.

Alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi fadhili zimenikamata, shemeji. Monika mlimzika wapi?"

Hadi sasa nina hasira.

Jumapili, 9 Juni

Nimeimba vibaya kanisani. Sasa anataka toba, mtu yule. Kirahisi hivyo. Nilikwenda kumchoma, nimerudi nimechomwa mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Mkewe kamleta kwa treni. Hospitali kwanza, kisha makaburini. Hawakujua njia, nikawapeleka.

Hakulia. Afadhali, ningemchukia zaidi. Alipiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa mkono, pumzi ikimkatika. Mkewe alitaka kumsaidia, akakataa. Nilisimama kando.

Bado namdharau.

Jua lilipokuwa kali nilisogea, nikamkinga kwa mwavuli wangu.